Ndiyo ya Mzee Salvatori

Jengo letu la Berea, Johannesburg, lilikuwa na ghorofa nane na lifti iliyokufa kabla sisi hatujafika. Mtu aliyeingia kutoka barabarani alipokewa kwanza na harufu: iliki, tui la nazi la kopo, na mafuta yanayokaribia kuungua. Ilitoka kwenye chumba kidogo kando ya lango, ambacho zamani kilikuwa cha bawabu. Humo ndimo alimoishi Mama Riziki, akipika vitumbua asubuhi na chapati mchana, akiviuza kupitia dirisha lililotazama lango. Alikuwa mtu wa Tanga, mnene, mcheshi, mwenye sauti isiyojua kunong'ona, na miguu yake ilikuwa imevimba kiasi kwamba ngazi tano zilitosha kumtoa machozi. Kwa hiyo kile chumba hakikuwa cha biashara tu. Katika jengo zima hakikuwepo kingine ambacho angeweza kukifikia kwa miguu yake. Nalitaja hili mapema ili msomaji asije akanihurumia mahali nisipostahili.

Mimi ni Faida, mtoto wa Bukavu niliyeletwa Johannesburg nikiwa bado nabebwa mgongoni. Shuleni nilikuwa Faith. Hakuna aliyenilazimisha, mwaka wa kwanza mtu fulani alikosea kuliandika jina langu, nami nikalishika kosa lile kama zawadi. Kizulu nilikuwa nakisema kama niliyezaliwa Soweto, na Kiingereza nilikisema kama watoto wa kwenye televisheni. Kiswahili nilikielewa chote lakini nilikiacha mlangoni pamoja na viatu vya baba. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na niliamini kwamba mtu akinichunguza vizuri hatanijua natoka wapi. Aliyeharibu hesabu zangu kila siku ni Mama Riziki. Nikipita tu na wenzangu wa shule, dirisha linafunguka: "We Faida, unapita kama upepo, wakubwa hawasalimiwi?" Ilinibidi nisimame nimwambie shikamoo, neno ambalo hata nyumbani kwetu halitumiki, maana sisi watu wa Kongo tunasalimiana jambo na mambo yanaisha. Wenzangu walicheka wakijaribu kulitamka. Nilicheka nao, huku masikio yakiniwaka moto.

Muhula ule mwalimu wetu wa historia, mwanamke mrefu kutoka Limpopo aliyependa kufundisha akiwa amekalia meza, alituletea uchaguzi wa urais wa Marekani wa mwaka 1876. Alisema kwamba katika nchi ambayo wazazi wetu wengi walikuwa wamepiga kura mara chache tu maishani mwao, ni vizuri watoto wajue kuwa kupiga kura ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kuhesabu. Wagombea walikuwa wawili, gavana wa New York na gavana wa Ohio. Yule wa New York alipata kura nyingi zaidi za wananchi. Lakini kule rais huchaguliwa na wajumbe wa majimbo, na mwaka ule mshindi alihitaji wajumbe mia moja themanini na watano. Bwana wa New York alikuwa nao mia moja themanini na wanne, na waliobaki ishirini wakawa wa kugombewa, karibu wote wa majimbo matatu ya Kusini. Kila upande ulileta karatasi zake zenye saini, ukaapa kwamba mwenzake ni mwizi. Watu weusi, waliotoka utumwani miaka michache tu nyuma, walikuwa wametishwa kwa bunduki wasikaribie masanduku. Wengine wasiojua kusoma walipewa karatasi zenye alama ya chama chao na majina ya chama kingine. Kisha wahesabuji nao wakatupa kura kwa maelfu.

Ikaundwa tume ya watu kumi na watano: saba wa huku, saba wa kule, na jaji mmoja aliyetarajiwa kuwa hana upande. Tume ikakataa kuchungulia kilicho nyuma ya karatasi, iliyosainiwa imesainiwa. Yule wa kumi na tano akaenda na Ohio. Nane kwa saba, na kila walipopiga tena, nane kwa saba, mpaka bwana wa Ohio akawabeba wajumbe wote ishirini na kuwa rais kwa tofauti ya mmoja. Darasa letu lingeigiza kisa hicho mbele ya shule nzima, na mwalimu akanipa mimi nafasi ya yule wa kumi na tano. Baba alifurahi kuliko nilivyofurahi mimi. Bukavu alikuwa mwalimu wa historia. Huku alikuwa mlinzi wa maegesho ya magari Rosettenville, na ilikuwa imepita miaka mingi bila mtu kumuuliza jambo lolote lililotokea kabla ya jana. Alinieleza ile tume huku akipiga pasi koti lake la kazi. "Sikiya, mutoto," aliniambia, "bale kumi na bane banajulikana. Ule wa kumi na tano njo anabeba muzigo ya bote." Kwetu "wale" huwa "bale", na "ndiye" huwa "njo".

Jumamosi moja wasichana watatu wa darasa langu walitaka kuja kwetu kufanya mazoezi. Nilijitahidi kuwazuia nikashindwa, nikawaza basi nitawapitisha haraka langoni. Dirisha likafunguka kabla sijagusa ngazi. "Faida! Baba yako kaniachia kisamvu chenu, mnachokiita sombe, kasema uje ukitwange. Na shikamoo yangu umeimeza?" Alikishika kile kifurushi cha majani kwa mkono ulionyooka nje ya dirisha, akitabasamu, na Kiswahili chake kikajaa ukumbi wote. Mmoja wa wasichana aliniuliza kama hiyo ndiyo lugha yetu. Hapo akalitaja lile neno ambalo wenyeji wa hapa huwaitia Waafrika wa kuja. Hakulitaja kwa ubaya, alilitaja taratibu tu, kama mtu anayesoma maandishi kwenye kopo. Jumatatu shule nzima ilikuwa imelisoma kopo hilo. Nilitwanga sombe ile nikilia, na kila pigo la mchi nilimtaja Mama Riziki.

Wiki chache baadaye mzozo wa chumba ulizuka. Bwana Themba wa ghorofa ya tano, mtu mpole wa kabila la Kizulu, alitaka chumba cha lango afungue humo spaza, duka dogo la mkate, maziwa na sabuni. Sababu yake haikuwa ya hila. Mtoto mmoja wa jengo letu alikuwa amegongwa na teksi pale kwenye robot, taa za barabarani, akienda kununua mkate ng'ambo, na akina mama walikuwa wamechoka kuomba Mungu kila chai inapochemka. Lakini kukipata chumba kile maana yake ni Mama Riziki kuhama, na vyumba vya juu kwake vilikuwa sawa na mlima. Waliosema Kiswahili wakasimama upande wake, waliosema Kizulu wengi wao upande wa duka, na ndani ya siku mbili watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakawa hawasalimiani kwenye ngazi. Wakala wa wenye jengo, mzungu asiyejua lugha ila Kiingereza, akasema amueni wenyewe, yeye ataandika na kusaini. Kila chumba kikapiga kura moja. Ikatoka sare.

Baba ndiye aliyetoa wazo. Alisimama kwenye ukumbi na koti lake la ulinzi, akasimulia Marekani ya 1876 kwa Kiswahili, nami nikaitafsiri kwa Kizulu, na watu wakasikiliza kwelikweli. Tuwe na kumi na watano, alisema: saba wao, saba sisi, na mmoja ambaye kila mtu anamwamini. Jina lilitoka midomoni mwa pande zote mbili kwa pamoja: Mzee Salvatori. Alikuwa Mrundi wa Bujumbura, fundi saa, aliyeishi peke yake ghorofa ya pili. Hakuwa na ukoo hapa, hakuwa na ugomvi, na hakuwa na masikio mazuri. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa kabisa. Kiingereza hakukijua. Jioni ile baba alitembea kifua mbele, na nakumbuka nilimwonea fahari. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho muhula ule niliyohisi fahari ya kitu chochote.

Tume yetu ilikutana Jumapili mchana, baada ya ibada, kwenye mabenchi ya ukumbini. Mama Riziki na Bwana Themba walikuwa wamekubaliana wasihudhurie. Mama Riziki alikuwa ndani ya chumba chake, mlango umefungwa, hatua kumi kutoka tulipokaa. Wakala alikaa mezani na karatasi yake. Mimi nilikuwa mkalimani, kwa kuwa ni mimi peke yangu mle ndani niliyekuwa na lugha zote tatu. Wanaotaka duka wakanyoosha mikono: saba. Wasiotaka: saba. Mzee Salvatori hakunyoosha mara zote mbili. Alikuwa bado anafuatilia midomo ya watu. Sisi wa Kiswahili hatukuwa na wasiwasi naye, maana kila asubuhi tulimwona kwenye lile dirisha akila vitumbua vyake viwili. Wakala akatazama saa, akaniambia kwa Kiingereza nimuulize huyu mzee, je, hataki duka? Nikainama kwenye sikio lake la kulia nikamuuliza vilevile, neno kwa neno: "Mzee, hutaki duka?" Alivua miwani, akaifuta, akafikiri. Kisha akajibu kwa sauti kubwa, kama wanavyojibu watu wenye masikio mazito: "Ndiyo."

Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo, kwa sababu maisha ya watu wawili yaligeukia mahali hapa. Mswahili ukimuuliza hutaki chai, akajibu ndiyo, rudisha birika jikoni: amekuambia kwamba ulivyosema ndivyo, hataki. Mwingereza ukimuuliza hivyo hivyo akajibu ndiyo, mletee kikombe. Mtoto yeyote aliyekulia kati ya lugha hizi mbili anaijua tofauti hiyo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Niliijua. Kuuliza nilikuwa nimeuliza kwa uaminifu, sikuwa nimepanga lolote. Lakini kati ya ndiyo yake na jibu langu kwa wakala ulipita muda wa kumeza mate, na ndani ya muda huo niliona lango bila dirisha lile, mimi nikipita na wenzangu, na hakuna anayeniita. Nikamgeukia wakala nikasema kwa Kiingereza: ndiyo. Nilitafsiri neno lile sawasawa kabisa, na nikaiacha maana yake ife.

Wakala akaandika nane kwa duka, saba dhidi yake. Mama Sibongile, aliyeongoza upande wa pili na aliyelisikia swali la wakala kwa Kiingereza, alikunja uso. Kizulu ni ndugu wa Kiswahili, na "yebo" yao katika swali kama lile inakwenda njia moja na ndiyo yetu, kwa hiyo yule mama, ambaye ushindi ulikuwa wake, ndiye pekee aliyeshuku. "Eish, muulize tena huyu baba," alisema. Wakala alikuwa amekwisha kufunika kalamu. Akasema lililoandikwa limeandikwa. Baba akanitazama. "Faida, ulimuulizaje?" Lile la kwanza ningeweza kuliita kuteleza. Ulimi hauna mfupa, watu husema. Lakini baba alikuwa amenipa mlango wa kutokea, ulikuwa wazi, na mimi nikaufunga. "Nilimuuliza, Mzee, unataka duka? Akasema ndiyo." Swali langu nilikuwa nimelisema sikioni mwake, hakuna aliyelisikia ila yeye. Ndiyo yake waliisikia wote.

Macho yote yakamwendea Mzee Salvatori. Aliona kwamba kuna jambo, akauliza kuna nini, na walipomwambia alitikisa kichwa, akasema yeye alisikia hutaki. Akanitazama mimi nimthibitishie. Nikatazama sakafu. Akashika sikio lake la kulia, akalivuta, akasema polepole kwamba labda hakusikia vizuri. Karatasi ya wakala ilikuwa imekwisha kusainiwa. Mtu mmoja wa kwetu, tena mtu wa kanisani, akamwambia mbele ya wote kwamba shukrani ya punda ni mateke: umekula mikononi mwa mama wa watu mwaka mzima kisha unamtoa nje. Tangu siku hiyo waliosema Kiswahili wakaacha kumpelekea saa zao. Wengine waliacha hata kumjibu salamu.

Mama Riziki alihama mwisho wa mwezi. Alipata kitanda mtaa wa Mayfair, karibu na msikiti, katika chumba cha wanawake wanne juu ya duka la Wasomali, ngazi kumi na nane ambazo baba alizihesabu alipomsindikiza. Kupika hakuruhusiwa humo. Siku ya kuhama nilisaidia kubeba vyombo, na nilikuwa nimekumbatia karai lake la chapati pale Mzee Salvatori aliposhuka kumwomba radhi. "Mama, masikio yangu yameniponza," alimwambia. Akajibiwa kwamba yamepita, lakini mkono hakupewa. Kisha Mama Riziki akaniwekea kiganja kichwani, akanishukuru kwa kubeba, akaniombea dua ndefu ya kukua na kuwa mtu mwema. Nilisimama na karai mikononi mpaka dua ikaisha. Hata mtu aliyekwisha kupigwa makofi mbele ya watu hajui aibu kama ile.

Maigizo ya shule yalifanyika wiki iliyofuata. Nilivaa koti jeusi la baba, nikanyoosha mkono wangu, mkono wa kumi na tano, ukumbi ukapiga makofi. Mwalimu akasimama kumalizia. Alieleza kwamba baada ya uchaguzi ule wanajeshi waliokuwa wakiwalinda watu weusi wa Kusini waliondolewa, na watu wale wakarudishwa mikononi mwa waliowatesa, kwa miaka mingi sana. Akauliza: katika wale kumi na watano, nani alikuwa mmoja wa watu wale weusi? Hakuna, tukajibu. Aliyelipa, akasema, hakuwemo chumbani. Nililia jukwaani, na watu wakadhani ni uigizaji. Nilipata alama za juu kuliko wote.

Duka la Bwana Themba lilifunguliwa, na ni kweli watoto hawakuvuka tena barabara kwa ajili ya mkate. Dirisha likapakwa rangi. Nikapita langoni na wenzangu kama nilivyotamani, na kila nilipopita niliharakisha. Baba hakuniuliza tena kuhusu siku ile. Lakini hakunichukua tena kumtafsiria. Kwenye ofisi za serikali, kliniki, kwa mwajiri wake, alikwenda peke yake na Kiingereza chake cha kuungaunga, akirudi mara nyingine bila kupata alichofuata. Nilipojitolea kumsindikiza aliniambia, "Hapana, bakia tu." Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi ilikuwa ndefu, na nyororo, na hakuna aliyenizuia popote.

Mama Riziki alirudi Tanga miaka miwili baadaye, na huko akafariki. Mimi nilikua. Siku hizi naenda Mayfair kununua unga na nazi, na naongea Kiswahili kwa sauti katikati ya duka bila kugeuka kuangalia nani anasikia. Binti yangu namlazimisha ajibu kwa Kiswahili, naye ananung'unika. Watu wa kanisani wananisifu kwamba sikuiacha lugha ya kwetu. Kazini, wageni wakikwama kwenye dirisha la huduma, mimi ndiye ninayeitwa, na huwa narudia swali mara mbili, kwa namna mbili, mpaka watu wanaudhika. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo toba yangu, na kwamba kosa la mtoto wa miaka kumi na mitatu limekwisha kulipwa.

Mwaka juzi baba aliniambia Mzee Salvatori anaumwa, anaishi Rosettenville kwa mpwa wake, na ingefaa niende kumsalimu. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Nilikwenda Jumamosi mchana na machungwa. Tulikuwa wawili tu chumbani. Mpwa alikuwa ametoka. Mzee alikuwa mdogo kitandani, lakini alinitambua, na baada ya kunisalimu alinivuta mkono niinamie sikio lilelile. "Faida, wewe njo ulikuwa karibu yangu," alisema. "Minakuuliza kitu moja. Siku ile uliniuliza unataka, ao uliniuliza hutaki? Miaka yote miye nasikia hutaki. Bantu bote banasema hapana."

Alikuwa ameniwekea maneno yote mawili mbele yangu, nichague moja. Hapakuwa na wasichana wa shule. Hapakuwa na baba, wala wakala, wala dirisha. Nilimwona akinisubiri, na nikaona pia uso wake utakavyokuwa akishajua kwamba ni mimi, na kwamba nimekaa na uongo ule miaka kumi na minane.

"Nilisema unataka, Mzee," nikamjibu.

Aliinamisha kichwa taratibu, akaniachia mkono, akanishukuru kwa kumwambia kweli. Nilimmenyea chungwa nikaondoka. Alifariki mwezi uliofuata. Nimezoea kuita jambo hili aibu ya utotoni, na nilipoanza kuandika nilikusudia kuliita hivyo. Lakini yule mtoto alikuwa na hofu ya shule nzima mabegani, na uongo wake ulizaliwa ndani ya muda wa kumeza mate. Mimi nilikuwa mtu mzima, nimekaa kwenye kiti, sina haraka. Mzee Salvatori alizikwa akiyalaumu masikio yake, na masikio yake yalikuwa yamesikia sawasawa.